Mlima Uliopenya Kwenye Macho ya Wavu

Bakar ni mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Bahari ya Adriatic, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Ghuba yake ni nyembamba, imebanwa na vilima vya mawe ya chokaa. Mwaka 1888 mwalimu mmoja wa shule ya mabaharia ya hapo alitazama juu akaona wingu lisilofuata kawaida ya mawingu. Upepo ulikuwa ukiteremka kwa nguvu kutoka milimani kuelekea baharini, lakini wingu lile halikuchukuliwa. Lilibaki pale pale juu ya ghuba, likijiviringisha mahali pamoja kama gogo linalozungushwa majini.

Mwalimu huyo alikuwa Andrija Mohorovičić, kijana wa miaka 31, na mwaka uliotangulia alikuwa ameanzisha kituo cha kupimia hali ya hewa hapo hapo Bakar. Alilichunguza wingu lile, akaandika alichokiona, na mwaka 1889 maandishi yake yakachapishwa. Wengi wanaolijua jina lake wanalijua kwa jambo jingine kabisa: kutokana na tetemeko la mwaka 1909 alitambua mpaka uliopo kati ya ganda la dunia na tabaka la chini yake, na mpaka huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mimi lakini namkumbuka zaidi kwa wingu. Alikuwa ameiona kwa macho yake sehemu ya mwendo wa upepo ambayo mashine za kutabiri hali ya hewa zingekuja kuikosa kwa miongo kadhaa.

Upepo wenyewe Wakroatia wanauita bura, na Waitalia wa ng'ambo ya pili ya bahari wanauita bora. Hewa baridi hujikusanya bara, nyuma ya safu za milima zinazokwenda sambamba na pwani, kisha huvuka vilele na kushuka baharini kwa dharuba. Watu wa pwani ile husema kwamba bura huzaliwa Senj, huolewa Rijeka na hufia Trieste. Trieste, ambako inasemekana hufia, siku za bura zilifungwa kamba barabarani ili wapita njia washike wasiangushwe. Kisiwani Pag, upande unaoitazama milima ya bara umebaki mawe matupu, kwa kuwa bura huyachota maji ya chumvi kwenye mlango wa bahari na kuyanyunyizia nchi kavu mpaka mimea inakatika. Kondoo wa kisiwa hicho hula majani machache yenye chumvi yanayosalia, na watu wa Pag watakwambia kwamba utamu wa jibini yao unatoka hapo.

Senj penyewe pana hadithi zake. Katika karne ya 16 mji huo ulikuwa maskani ya Wauskoki, wapiganaji wa baharini ambao Venice iliwahesabu kuwa maharamia. Juu ya mji bado ipo ngome yao ya Nehaj, iliyokamilika mwaka 1558. Mabaharia wa Venice walishikilia kwamba wanawake wa Senj waliwasha moto mapangoni ili kuiita bura iwapige adui zao. Si vigumu kuelewa imani hiyo ilitoka wapi. Senj imekaa chini ya njia ya Vratnik, pengo la milimani lenye kimo cha karibu mita 700, na upepo unaopita katika pengo hilo unaweza kuwa mkali ajabu wakati maili chache kando bahari ni tulivu. Nahodha mgeni aliyepigwa hapo alikuwa na haki ya kushuku uchawi.

Vipimo vya kisasa havishindwi na hadithi hizo. Tarehe 21 Desemba 1998, kwenye daraja la Maslenica kusini mwa safu ya Velebit, kipima upepo kilionyesha dharuba ya mita 69 kwa sekunde, yaani kama kilomita 248 kwa saa. Barabara kuu ya A1 inayopita hapo, kati ya handaki la Sveti Rok na Posedarje, hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya bura, kwanza kwa malori matupu na magari marefu, kisha kwa wote. Katika nchi yenye barabara kama hiyo, na vivuko vinavyobeba abiria kwenda visiwani chini ya mlima, kuujua upepo huu saa 24 kabla si anasa ya wasomi.

Kompyuta zilianza kutabiri hali ya hewa mwaka 1950. Basi kwa nini bura, upepo uliojulikana na kila mtoto wa Senj, iliendelea kuziponyoka kwa miaka mingi baada ya hapo? Jibu ni kwamba ndani ya kompyuta mlima haukuwepo.

Wavuvi wa mwambao wetu hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Wavu una macho, na ukubwa wa jicho ndio unaoamua utarudi na nini. Jarife linalokamata papa halishiki dagaa hata bahari ikiwa imejaa dagaa. Kosa si la bahari wala la mvuvi. Dagaa wamepita tu kwenye macho. Modeli ya hali ya hewa ni wavu uliotandikwa juu ya dunia. Katika kila jicho kompyuta huweka namba moja ya joto, moja ya shinikizo, moja ya upepo, na moja ya kimo cha ardhi. Kilicho kidogo kuliko jicho hakina pa kuandikwa. Mlima wenye ubavu mkali, ukiingia katika jicho pana pamoja na bonde lililo nyuma yake na bahari iliyo mbele yake, hujumlishwa na jirani zake na kugawanywa mpaka unakuwa mwinuko wa kupanda kwa baiskeli.

Mtu wa kwanza kuusuka wavu huo kwa dhati alikuwa Mwingereza Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa dereva wa gari la wagonjwa nchini Ufaransa, alikokotoa kwa mkono hali ya hewa ya siku moja iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, akiigawa Ulaya ya kati katika miraba yenye upana wa kama kilomita 200. Hesabu yake ilimpa ongezeko la shinikizo la hektopaskali 145 kwa saa sita, jambo ambalo angani halitokei. Siku ile yenyewe shinikizo halikubadilika sana. Karatasi zake zilipotea katika mapigano ya mwaka 1917, zikaja kupatikana Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Hata hivyo alikichapisha kitabu chake mwaka 1922, pamoja na kosa lake lote, na ndani yake akawazia ukumbi mkubwa wenye watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja ili hesabu iende sawa na mwendo wa dunia. Namheshimu mno mtu aliyethubutu kuchapisha kushindwa kwake kwa ukamilifu namna ile.

Miaka 28 baadaye, huko Aberdeen, Maryland, Jule Charney na wenzake walipata nafasi ya kuitumia ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa. Umbali kati ya nukta na nukta ulikuwa kilomita 736, na utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kukokotolewa. Modeli yao iliichukulia anga kama tabaka moja, na ardhi chini yake ilikuwa tambarare tupu. Kwa wakati wake yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini upana wa wastani wa Adriatic ni kama kilomita 160. Kaskazini yote ya bahari hiyo, pamoja na visiwa vyake, Senj na Trieste na Venice, ingeweza kupita kwenye jicho moja la wavu ule na nafasi ikabaki.

Wakati kompyuta zikikua, wataalamu bado walikuwa hawajakubaliana bura ni kitu gani hasa. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa mepesi: hewa baridi ni nzito, hivyo huporomoka mlimani kwa uzito wake kama maji yaliyomwagwa kwenye paa. Maelezo hayo yanafaa kwa pwani za Antaktika, ambako hewa baridi huteremka bila kukoma kutoka kwenye barafu ya ndani. Msafara wa Douglas Mawson ulipiga kambi Cape Denison mwaka 1912 na kukuta mahali ambapo upepo mkali ndio hali ya kila siku. Kwa bura lakini kulikuwa na kitu kisichokaa sawa. Uzito peke yake hautoshi kuleta kasi ile kwenye mlima wa kimo kile.

Ufunguo ulipatikana mbali na bahari yoyote. Tarehe 11 Januari 1972 mji wa Boulder, jimbo la Colorado, chini ya Milima ya Rocky, ulipigwa na dharuba zilizozidi mita 50 kwa sekunde. Siku hiyo ndege za utafiti zilipanda kupima, na Douglas Lilly na wenzake wakapata picha ya anga nzima iliyo juu ya mlima. Walichokuta ni wimbi. Hewa ilipovuka kilele ilizama kwa kishindo kisha ikarushwa juu kilomita kadhaa, kama bahari inavyoumuka juu ya mwamba. Na wimbi la hewa likizidi kuwa wima huvunjika, sawa na wimbi linalofika ufukweni. Hewa iliyovurugika hapo juu huwa kama dari. Ile iliyo chini hubanwa kati ya dari na ubavu wa mlima, hukonda, na kwa kukonda huongeza mwendo.

Mwaka 1982 ikaja zamu ya bura yenyewe. Katika mradi wa kimataifa wa ALPEX ndege zilivuka milima ya Dinari, zile safu za nyuma ya pwani, mara kadhaa bura ikiwa imepamba moto, na Mmarekani Ronald Smith akazichambua data zake. Nadharia yake aliichapisha mwaka 1985, na matokeo ya ndege mwaka 1987. Alionyesha kwamba bura hufanana na maji yanayopita juu ya bwawa. Nyuma ya ukuta maji ni mazito na ya taratibu. Yakishuka usoni mwa ukuta huwa membamba, laini na ya kasi. Na chini kabisa huruka ghafla, yakatoka povu na kuzunguka. Mruko ule wa mwisho, pale upepo unapoachana na ardhi na kujiviringisha juu ya maji ya ghuba, ndio uliolibeba wingu la Mohorovičić miaka karibu mia moja kabla.

Ugunduzi huo ulieleza pia kwa nini kompyuta zilishindwa. Kama nguvu ya bura ingetokana na uzito wa hewa baridi tu, modeli yenye macho mapana ingeweza kuikisia. Lakini nguvu inatoka katika umbo: ukali wa ubavu, kimo cha kilele, mahali palipo na pengo. Kutoka bahari mpaka kilele cha juu cha Velebit, Vaganski vrh chenye mita 1,757, ni mwendo wa kama kilomita 10 tu kwa mstari ulionyooka. Ulaze ubavu huo, na wimbi halifikii kuwa wima, halivunjiki, dari haijengeki. Modeli haipati bura dhaifu kidogo. Inapata upepo wa kawaida wa kaskazini-mashariki, na baharia anayeuamini anaingia baharini.

Kituo cha Ulaya cha utabiri wa siku za kati, kilichopo Reading, Uingereza, kilianza kazi yake ya kila siku mwaka 1979 kwa macho ya kama kilomita 200, upana ule ule wa Richardson. Wataalamu wake waliona haraka kwamba milima yao ilikuwa mifupi mno na kwamba kosa hilo lilienea mpaka kwenye mikondo mikubwa ya hewa. Dawa waliyoitumia kuanzia mwaka 1983, iliyopendekezwa na Wallace, Tibaldi na Simmons, ilikuwa kuikuza milima kwa makusudi. Waliyajaza mabonde na kuinyanyua ardhi ya modeli juu ya wastani wake, kwa hoja kwamba hewa baridi iliyolala mabondeni huuzuia upepo kama mwamba unavyouzuia. Utabiri wa Ulaya ukaboreka. Kwa aliyekaa chini ya Velebit haikusaidia sana, maana kimo kiliongezwa lakini ukali wa ubavu haukurudi.

Wanasayansi wa bahari walikuwa na dawa yao. Huko Venice, Luigi Cavaleri na Luciana Bertotti walikuwa na kipimo kisichodanganyika: mawimbi ya Adriatic yenyewe. Wakilisha modeli ya mawimbi upepo kutoka Reading, mawimbi ya kwenye kompyuta yalitoka madogo kuliko yale yaliyopimwa. Kwa hiyo upepo ulizidishwa kwa namba maalumu kabla ya kutumiwa, na mwaka 1997 waliandika kwa uwazi juu ya tatizo hilo la bahari ndogo zilizozungukwa na milima. Kuzidisha kulisaidia kwa kiasi chake. Lakini namba moja haiwezi kujua kwamba Senj inapigwa na jirani yake imetulia.

Kwa nini wasiyafinye tu macho ya wavu? Kwa sababu ya sheria iliyotambuliwa mwaka 1928 na wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy. Ukipunguza jicho kwa nusu, macho yanakuwa mara nne. Tena huwezi kuendelea na hatua za muda zile zile, kwa kuwa upepo ungeruka jicho zima kabla hujapiga hesabu. Lazima hatua nazo ziwe nusu. Kazi inakuwa mara nane, na hapo bado hujaongeza tabaka za kwenda juu. Kutoka kilomita 200 kwenda kilomita 2 ni kazi mara milioni moja. Ndiyo maana safari ya Reading ilikwenda kwa hatua: kilomita 40 mwaka 2000, 25 mwaka 2006, 16 mwaka 2010, 9 mwaka 2016. Na hata hizo kilomita 9 zisimdanganye mtu. Mwaka 2004 William Skamarock alionyesha kwamba modeli huona vizuri kile tu kinachotandaa juu ya macho kama saba. Wavu wa kilomita 9 unaona vyema kitu cha kilomita 60 hivi, na ubavu wa Velebit ni kilomita 10.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia Waslovenia na Wakroatia, nchi ndogo zisizo na kompyuta za fahari. Mwaka 1999 Mark Žagar na Jože Rakovec walichapisha mbinu ya kijanja na nafuu. Unachukua utabiri uliokwisha kamilika, wenye macho mapana. Unauweka juu ya ramani ya milima yenye macho madogo. Kisha unaiachia modeli iende kwa muda mfupi tu, bila kuhangaika na mvua wala mawingu, mpaka upepo ujizoeze na mabonde na mapengo uliyoupa. Idara ya hali ya hewa ya Kroatia iliifanya mbinu hiyo kuwa kazi ya kila siku: utabiri wa kilomita 8 ulishushwa mpaka kilomita 2, na nusu saa ya muda wa modeli ilitosha. Stjepan Ivatek-Šahdan na Martina Tudor walieleza matokeo yake mwaka 2004. Pengo la Vratnik likaonekana. Ulimi wa upepo ukatoka Senj kwenda baharini pale pale ambapo wavuvi walisema upo tangu enzi za Nehaj.

Ndimi hizo zilikuwa zimekwisha kupimwa angani. Katika mradi mkubwa wa milima ya Alps wa mwaka 1999, ndege zilizoruka juu ya Adriatic wakati wa bura zilikuta kwamba upepo hauingii baharini kama ukuta mmoja. Unaingia kwa michirizi: mkali mbele ya kila pengo, dhaifu nyuma ya kila kilele, na mpaka kati ya miwili hiyo ni mwembamba. Vanda Grubišić aliichambua michirizi hiyo kwa kina mwaka 2004. Ni muhimu kwa bahari kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu pale mchirizi mkali unapopiga, maji hupoteza joto kwa wingi, na kati ya mchirizi na mchirizi maji husukwa na kuzungushwa.

Ilidhihirika mwanzoni mwa mwaka 2012. Kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka katikati ya Februari bura ilivuma karibu bila kupumzika. Gati za Trieste zilivikwa barafu kutokana na maji yaliyorushwa na upepo. Maji ya kaskazini mwa Adriatic yalipoa na kuwa mazito kwa kiwango cha nadra, yakazama, yakatambaa chini ya bahari kuelekea kusini yakibeba oksijeni kwenda vilindini. Modeli isiyouona mlima haimpotezi baharia peke yake. Inapunguza baridi inayoingia baharini, na maji mazito yanayopaswa kuzama hayaundwi ya kutosha. Kosa la ubavu wa mlima mmoja linafika kwenye vilindi vya kusini mwa bahari miezi kadhaa baadaye. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kugharimia macho madogo.

Ila wavu mwembamba nao una matata yake. Mwaka 2000 James Doyle na wenzake walizipa modeli 11 tofauti kazi ile ile: dhoruba ya Boulder ya 1972. Zote zilionyesha wimbi likivunjika angani. Lakini wapi hasa, kwa nguvu gani na dakika ipi, kila moja ilikuwa na lake. Mwaka 2004 John Wyngaard alitoa onyo kuhusu macho yaliyo kati ya kilomita moja na mita mia chache: ni makubwa mno kuiona mizunguko midogo ya hewa, na ni madogo mno kuikisia kwa kanuni za zamani. Na bura ina siri zake za ukubwa huo huo. Mwaka huo huo Danijel Belušić na wenzake walionyesha kwamba dharuba za Senj huja kwa mapigo, kila baada ya dakika 3 hadi 11, kisha mapigo hayo yanaweza kukatika na kurudi siku ile ile. Dereva wa lori kwenye daraja hapinduliwi na wastani wa saa nzima. Anapinduliwa na pigo moja.

Kuna pia jambo ambalo wavu hauwezi kulitatua hata ukifumwa kwa uzi wa hariri: utabiri sahihi peke yake haumwokoi mtu. Tarehe 8 Agosti 2023, kisiwani Maui, Hawaii, upepo uliteremka kutoka milima ya magharibi ya kisiwa na kuusukuma moto juu ya mji wa Lahaina uliopo ufukweni. Watu zaidi ya 100 walikufa. Clifford Mass na David Ovens wa Chuo Kikuu cha Washington walipozirudia data, walikuta kwamba modeli za macho madogo zilizokuwa kazini siku hizo ziliuona upepo ule kabla haujafika. Inauma kuliandika hilo. Mlima safari hii ulikuwemo ndani ya kompyuta, na wimbi lake, na kasi yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna upepo wetu unaotegemea milima. Kusi, ule ule uliowarudisha mabaharia wa majahazi kaskazini kuelekea Arabuni na Bara Hindi, ukifika Kenya hukutana na ukuta wa nyanda za juu, hupinda na kukaza mwendo kwenda Somalia. John Findlater alionyesha nguvu zake kwa vipimo vya juu ya Kenya mwaka 1966, kisha mwaka 1969 akaifuata njia yake yote. Mwaka 1976 T. N. Krishnamurti, John Molinari na Hua-Lu Pan waliuiga kwa kompyuta, na ukuta wa milima ya Afrika Mashariki ulikuwa moja ya vitu vilivyobidi viwemo ili mkondo huo utokee kama ulivyo.

Ukuta huo una pengo moja kubwa. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna njia ya chini inayoanzia upande wa Bahari ya Hindi, ikapita Marsabit na Ziwa Turkana mpaka tambarare za Sudan Kusini. Mwaka 1982 Joseph Kinuthia na G. C. Asnani walitangaza kwamba katika njia hiyo unapita mkondo wa upepo mkali ambao vitabu havikuwa nao. Ni ndugu wa mbali wa ulimi wa Senj, mpana zaidi na wa joto. Nao umepatwa na masaibu yale yale: modeli zenye macho mapana hulijaza pengo mawe yasiyokuwepo, upepo unalegea, na unyevu ambao ungebebwa kutoka pwani kwenda bara unahesabiwa vibaya, na mvua pamoja nao.

Machi na Aprili 2021 watafiti wa Kenya na Uingereza waliweka kituo Marsabit na kurusha maputo ya kupimia, mchana na usiku. Upepo ulikuwa ukipanda kila usiku ukapoa mchana, tena kwa kasi iliyozidi ile iliyoandikwa katika kumbukumbu za kimataifa zilizojengwa kwa modeli, moja yao yenye macho ya kilomita 31. Magharibi ya hapo, Loiyangalani, mitambo 365 ya umeme wa upepo ilikuwa tayari ikizungushwa na mkondo huo.